Acheni Kuniwekea Gesi!

Nimewekewa gesi mara tatu. Mara TATU! Ndani ya wiki saba, gari lile lile, fundi yule yule, shilingi 3,500 kila mara. Piga hesabu mwenyewe: 10,500. Na baada ya pesa zote hizo AC ikaendelea kunipulizia joto usoni kama mtu aliyefungua tanuri la mikate. Kilichoniudhi zaidi nilikuja kukijua baadaye: gari langu halikuwa na upungufu wa gesi hata siku moja. Naandika haya hasira zikiwa bado ziko juu, kwa hivyo mniwie radhi nikipaza sauti.

Wengine mtasema AC ni anasa, fungua dirisha. Sawa. Mimi naishi Mikindani, Mombasa, na kila Jumanne na Ijumaa nampeleka Mama kisiwani kusafishwa damu kwa sababu figo zake zimechoka. Mtu wa namna hiyo hupimiwa maji ya kunywa. Anahesabiwa vikombe kwa siku, basi. Sasa tuchukue saa nane mchana, Februari, tumevuka Makupa tunarudi nyumbani, na pale Changamwe malori ya bandarini yamefunga barabara kulia na kushoto, kila moja linatoa moshi kwenye dirisha letu. Mama ametoka kwenye mashine, hana nguvu, anajipangusa jasho kwa leso, na mimi siwezi hata kumwambia "kunywa maji, Mama". Hapo ndipo AC inaacha kuwa anasa.

Basi nikaenda kwa fundi. Sitamtaja, na wala si yeye peke yake, maana nimeuliza watu na hadithi ni moja kutoka Likoni hadi Nairobi. Fundi akafungua boneti, akatoa kifuniko cha vali ya AC, akachukua bisibisi akabonyeza ile pini katikati. Psss. Akatikisa kichwa kama daktari. "Bosi, unasikia? Haina nguvu. Gesi imekwisha." Akaunganisha mpira mmoja wa bluu, akafungulia mtungi akisikiliza kwa sikio, akafunga. Kisha tukaenda raundi, kuelekea Miritini, barabara wazi. AC ikatoa baridi safi! Nikalipa, nikashukuru, nikamwongezea mia mbili ya soda.

Ijumaa, Changamwe, msongamano. Joto.

Tuanze na hiyo psss, kwa sababu ndiyo mzizi wa uongo wote (na sidhani fundi anajua kwamba ni uongo). Gesi ya AC katika magari mengi tunayoendesha hapa ni R-134a. Ndani ya mfumo, gari likiwa limezimwa, sehemu yake ni majimaji na sehemu ni mvuke. Hali ikiwa hivyo presha yake inategemea kitu kimoja tu: JOTO. Kwenye nyuzi 30 geji itasoma karibu psi 97, iwe ndani mna gramu 450 au gramu 200. Mradi limebaki tone la majimaji mle ndani, sauti ya psss ni ile ile. Huniamini? Angalia mtungi wako wa gesi ya kupikia. Moto wa siku ya kwanza na moto wa wiki ya tatu ni sawasawa, halafu usiku mmoja ugali haujaiva, moto unazimika. Ndiyo maana kila mama wa nyumba hapa Kenya hunyanyua mtungi kujua umebaki kiasi gani, hasikilizi sauti ya jiko. Mama wa nyumba anapima kwa UZITO. Fundi wa AC anapima kwa sikio. Nani mhandisi hapo?

Halafu ukibonyeza ile pini unaimwaga gesi hewani. Uzito kwa uzito, katika kipindi cha miaka 100, R-134a inanasa joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi. Hiyo ndiyo namba iliyowekwa katika marekebisho ya Mkataba wa Montreal yaliyokubaliwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Gari dogo linabeba kama gramu 450. Ukiiachilia yote ni sawa na kilo zaidi ya 600 za kaboni dioksidi, yaani kama lita 280 za petroli zilizochomwa bila gari kwenda popote.

Jambo la pili, nalo ningependa lichapishwe kwenye ukuta wa kila gereji: gesi ya AC HAITUMIKI. Si petroli. Si mafuta ya breki hata. Inazunguka tu katika mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaibana, inakuwa ya moto. Inapita kwenye kondensa mbele ya rejeta, inatoa lile joto nje na kugeuka majimaji. Inapita kwenye tundu dogo la vali ya kupanulia, presha inaanguka, inachemka na kuwa baridi. Inaingia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi, inanyonya joto la chumba chako. Inarudi kwa kompresa. Gari zee linaweza kupoteza kidogo kwa miaka kupitia mipira na oringi, hilo nakubali. Lakini ikiisha ndani ya wiki mbili, kuna tundu, na tundu halizibwi kwa gesi. Fundi anayekuwekea gesi bila kutafuta tundu ni sawa na fundi wa magurudumu anayejaza upepo na kukuachia msumari ndani ya tairi.

Basi mara ya pili nikarudi. Psss, mtungi, raundi ya Miritini, baridi, 3,500. Mara ya tatu hivyo hivyo. Na hapa lazima nijilaumu, maana mimi kazi yangu ni kuandika programu, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwacheka wenzangu wanaosema "kwenye mashine yangu inafanya kazi". Kumbe ndicho nilichokuwa nikikubali! Tatizo langu lilikuwa gari likisimama kwenye msongamano. Jaribio la fundi lilikuwa gari likikimbia barabara wazi. Mara zote tatu tulijaribu mahali ambapo ugonjwa haupo, tukatangaza kwamba umepona. Hakuna aliyeniuliza joto linakuja lini, na mimi sikusema. Nilisema "AC haina baridi", sentensi ambayo mteja akiniandikia mimi kuhusu programu yangu namrudishia barua kwa hasira.

Na dhambi yangu ni kubwa kuliko hiyo. Kazini kwetu kuna programu ambayo memori yake inavuja. Inavuja tangu mwaka juzi. Tulifanya nini? Tuliandika amri inayoizima na kuiwasha upya kila usiku saa tisa. Memori ikawa safi, bosi akafurahi, sisi tukaendelea na mambo mengine. Hiyo ni kuweka gesi. Kila aliyewahi kuongezea seva memori badala ya kusoma logi ameweka gesi. Kwa hivyo nikimkaripia fundi najua naona nini kwenye kioo.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu hali ilizidi kuwa mbaya. Sasa hata nikikimbia barabarani baridi inakuja, inakatika, inakuja, inakatika. Jumapili moja nikaacha kumpigia fundi simu, nikachukua kipimajoto cha jikoni nikakichomeka kwenye tundu la hewa la katikati, nikaanza kuandika kwenye daftari. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa: nyuzi 9. Nikisimama dakika tatu injini ikizunguka: 17. Dakika sita: 24. Nikiondoka tena: inashuka. Nilirudia mara nne na grafu ilikuwa ile ile.

Angalia hizo namba halafu uniambie ni kitu gani gari linakipata likikimbia na kukikosa likisimama. Upepo! Ile kondensa ya mbele kazi yake ni kumwaga joto, na joto linahitaji hewa ya kulibeba. Ukikimbia, barabara inakupa upepo bure. Ukisimama, kuna feni. Gesi haijui kama uko Changamwe au Mariakani. Ingekuwa imepungua, ingepungua kote.

Nikafungua boneti, injini ikizunguka, AC ikiwa imewashwa. Kwenye gari langu kuna feni mbili nyuma ya rejeta na AC ikiwashwa zote mbili hupaswa kuzunguka. Moja ilikuwa inazunguka. Ya pili imesimama tuli, ina utando wa buibui. UTANDO WA BUIBUI, jamani! Mtu ameinama juu ya injini hii mara tatu na bisibisi mkononi, sentimita 30 kutoka kwenye feni iliyokufa, na hakutupia jicho.

Hapo sasa mtu wa kawaida huanza kununua: fyuzi, rilei, swichi ya presha, mota. Usinunue. Unapotafuta kosa katika mlolongo mrefu hupimi kiungo cha kwanza kisha cha pili kisha cha tatu, unapima katikati na kutupa nusu nzima kwa mpigo mmoja. Katikati hapa ni plagi ya feni. Nikaichomoa, nikaweka multimita kwenye ile plagi inayotoka upande wa gari, AC ikiwa imewashwa: volti 13.8. Basi. Kipimo kimoja. Fyuzi ni nzima, rilei ni nzima, swichi ya presha na kompyuta ya gari zinatoa amri, na waya unafika. (Watu wa umeme watanikosoa kwamba waya uliooza unaweza kuonyesha volti na bado ushindwe kubeba mzigo, na wako sahihi; ndiyo maana niliunganisha pia taa ya mbele ya zamani pale na ikawaka vizuri.) Kilichobaki ni mota. Nikairudisha plagi, nikaisukuma feni kwa mwiko wa mbao, si kwa kidole, tafadhalini, na ikajikokota mizunguko miwili, mitatu, kisha ikashika kasi. Nikazima, nikawasha: imekufa tena. Hizo ni kaboni ndani ya mota, zimelika hadi hazigusi vizuri.

Mota iliyotumika kutoka Japani, shilingi 2,500. Boliti tatu. Saa moja ya kazi pamoja na kutafuta spana ya kumi iliyoanguka chini.

Ungedhani hadithi imeisha. Haijaisha, na hapa ndipo nilipokasirika kikweli. Feni mpya inazunguka, lakini baridi bado inakatika. Nikatafuta fundi mwingine, kijana mwenye mashine ya kuvuta gesi na mizani. Kitu cha kwanza alichosema: "Kaka, kupima ni 1,500, hata kama sitatengeneza kitu." Nusura niondoke! Namwambia kweli kabisa, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema "kuangalia tu elfu moja na mia tano?" Mimi, ambaye nalilia kila siku kwamba wateja hawataki kulipia uchunguzi, wanataka kulipia "kitufe".

Akaunganisha geji mbili, ya bluu na nyekundu, injini ikizunguka. Upande wa presha ndogo 58, upande wa presha kubwa 330. Siku ile joto la nje lilikuwa nyuzi 32, na kwa joto hilo alitarajia kitu kama 30 hadi 45 kwa bluu na 200 hadi 250 kwa nyekundu. Zote mbili ziko juu. Akavuta gesi yote kwenye mashine na mizani ikasema gramu 690. Kibandiko kilicho chini ya boneti yangu, ambacho kimekaa pale tangu gari litoke kiwandani, kinasema 450. Nilikuwa nimelipa 10,500 kujaziwa gramu 240 zisizotakiwa, na hizo ndizo zilizokuwa zinapandisha presha kila nikisimama hadi swichi ya usalama inaikata kompresa isipasuke. Kila kukatika kulikuwa ni gari linajaribu kujiokoa kutoka kwa fundi wangu.

Akavuta utupu dakika 40. Hatua hii mafundi wa mtungi huiruka, na wanafanya makosa, kwa sababu hewa ikiingia mle inaleta unyevu, na unyevu huganda barafu kwenye tundu la vali na kutengeneza asidi pamoja na gesi na oili. Akaiacha geji dakika kumi kuona kama utupu unashikilia. Ulishikilia: hakuna tundu. Akarudisha gramu 450 kwa mizani. Bluu 38, nyekundu 230. Kipimajoto cha jikoni, gari limesimama, jua la mchana wa Mombasa: nyuzi 11.

Sasa nataka kuwa mwadilifu kidogo. Fundi wa kwanza hana mizani wala mashine ya kuvuta, na hizo si bei ya mchezo kwa mtu anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Geji mbili lakini anazo! Nilimwona nazo zimening'inia ukutani. Hakuzitumia kwa sababu hakuna anayemlipa kwa kuzisoma. Sisi tunaingia tukisema "niwekee gesi", yaani tumeshajitibu, tunataka tu muuza dawa. Yeye akisema "bosi, hebu kwanza nipime, ni elfu moja", tunaenda kwa jirani yake ambaye hapimi. Soko linamlipa anayejaza na kumfukuza anayepima, halafu tunashangaa mji mzima umejaa wanaojaza.

Lakini huruma yangu inaishia pale. Kusoma geji mbili ni elimu ya alasiri moja. Zote ziko chini: gesi kidogo, tafuta tundu, na tundu la AC mara nyingi huacha doa la oili kwenye kiungo au kwenye kondensa iliyopigwa na mawe. Zote ziko juu: kondensa haipumui, au gesi imezidi, au kuna hewa ndani. Bluu juu na nyekundu chini: kompresa imechoka. Bluu imeanguka karibu na sifuri lakini nyekundu haijaanguka nayo: kuna mahali pameziba. Zote ni sawa na bomba linaloingia ndani ya dashibodi ni baridi la kutoa jasho, lakini wewe unapulizwa joto: basi gesi haihusiki kabisa, ni kile kimlango cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na baridi, kimekwama. Kati ya hali hizo tano, ni MOJA tu inayohusu kuongeza gesi, na hata hiyo ni baada ya kuziba.

Na bei haitashuka. Magari mapya yanayouzwa Ulaya tangu 2017 yanatumia gesi nyingine, R-1234yf, ambayo ni ghali kuliko hii yetu mara kadhaa. Yakianza kujaa hapa yakiwa yametumika, psss moja ya bisibisi itakuwa inamwaga chakula cha mchana.

Jumatatu iliyofuata niliingia kazini, nikaifuta ile amri ya saa tisa usiku, nikaiacha programu ivuje huku nikiitazama. Bosi hakufurahi. Nilipata tundu Alhamisi: orodha moja iliyokuwa inaongezwa kila malipo na haifutwi kamwe. Mistari miwili.

Wiki hii tumepita Changamwe kwa dakika 50. Mama amejifunika leso mabegani na kuniuliza kama siwezi kuipunguza kidogo.

Kama gari lako linapuliza joto na unataka tusaidiane hapo chini kwenye maoni, karibu. Lakini usiniandikie "AC haina baridi". Niandikie joto la nje, joto la kwenye tundu la hewa ukikimbia na ukisimama, kama feni zote zinazunguka AC ikiwa imewashwa, kama kompresa inashika au inakatakata, namba za geji zote mbili injini ikizunguka, na kibandiko chini ya boneti kinasema gramu ngapi. Na kama umeshawekewa gesi, mara ngapi.